Mwenye Programu Ni Baba

Redio ilitangaza kwamba polisi wa nchi nyingi wamewavamia kwa siku moja watu wanaovunja kufuli za programu za kompyuta na kuzigawa mtandaoni. Mimi nilikuwa katika duka langu la uchapaji mjini Arua, natengeneza ratiba ya mazishi ya mwalimu mmoja wa Ediofe kwa programu ya wizi ya namna hiyo hiyo. Nilisonya, nikaendelea kupanga herufi. Nani angetoka Ulaya kuja kunitafuta mimi?

Baba yangu, askari mstaafu, aliisikia habari hiyo akiwa nyumbani kwake Koboko, na yeye hakusonya. Kesho yake saa sita mchana aliingia dukani na furushi: unga wa muhogo, blanketi, mafuta ya kujipaka, sufuria ndogo. Serikali ya zamani ilipoanguka na askari wake wakasakwa, familia yetu ilivuka mpaka kwa miguu mimi nikiwa mgongoni mwa mama, kwa hiyo baba anajua vitu vya kubeba.

"Funga duka," alisema. "Sisi nakwenda Congo leo."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mbele yake.

"Baba, hawa polisi natafuta watu kubwa. Mimi iko mutu kidogo tu."

"Hata zamani walisema natafuta wakubwa. Ile kitu ya wizi iko hapa ao hapana?"

"Iko."

"Na jina ya nani iko ndani?"

Hapo kicheko kiliniisha. Siku ya kuiweka, programu iliniuliza jina la mwenye programu. Kwetu kitu cha kwanza unachopata, hata kiwe baiskeli, huandikwa jina la mzazi, nami niliandika la baba kwa mapenzi tu. Nikamgeuzia kioo cha kompyuta. Alivaa miwani, akalisoma jina lake mara mbili.

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akashusha pumzi, akaketi, akavua viatu.

"Basi mambo iko sawa," alisema. "Wakikuja, watachukua mimi. Wewe nabaki na watoto."

Akanywa chai, akapanda gari la Koboko na furushi lake, ametulia kabisa. Mimi nilifunga mlango nikalia. Kisha nikaifuta programu yote.

Sasa natumia ya halali, ile isiyo ya kulipia, nayo inanitesa. Wateja wananung'unika kwamba ratiba zangu hazipendezi kama zamani. Wanung'unike tu. Baba yangu amekimbia vya kutosha.