Debe la Mama Asumini

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikianza sitasimama. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, sijaonja hata tone la uraka.

Mimi ni mtu wa Lupaso, ila nimeolea huku Newala, na uzeeni nilishikwa na ugonjwa wa mashine. Nasema ile mashine ya kutafuta chuma ardhini: unaipitisha juu ya mchanga, ikikuta chuma inalia. Kila miezi ya baridi, Ruvuma inapopungua na kuacha fukwe za mchanga, nilikuwa nashuka bondeni kutafuta rupia za Wajerumani. Nilichokuwa nikipata ni misumari na vizibo vya soda. Mke wangu akaniita Bwana Misumari.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na baridi inauma mpaka kwenye ufizi. Mashine ikalia. Si mlio wa msumari, huo naujua. Huu ulikuwa mrefu, mnene. Nikachimba kwa mikono, nikagusa mdomo wa debe la bati, limesimama wima mchangani, limefunikwa majani juu kama wanawake wanavyofunika maji yasimwagike njiani. Majani mabichi! Tangu lini majani yakafukiwa yakabaki mabichi? Nilipaswa kujiuliza hapo hapo. Sikujiuliza. Kichwani mwangu mlikuwa na rupia tu.

"Shikamoo, baba."

Nyuma yangu alisimama mwanamke kijana, kanga imelowa chapachapa, ngata tayari kichwani.

"Marahaba."

"Debe langu hilo. Nitwike, niende."

"Lako? Mbona limefukiwa?"

"Kwani wewe ndiye uliyelifukia?" Akacheka. "Mzee mzima unachezea mchanga! Nitwike basi, Asumini wangu nimemwacha analia kiu."

Nami nikafanya nini? Nikaliinamisha debe nione kilichomo. Yakamwagika maji, safi, baridi. Mchanga ukayanywa yote.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Baba, ungeuliza," akajaribu kucheka, kicheko kikakatikia njiani. "Sasa mwanangu atakunywa nini?"

"Ngoja nikuchotee."

Nilikuwa na ndoo ndogo ya kuoshea vile vyuma vyangu. Nikaingia majini, nikachota, nikageuka. Hayupo. Mchangani nyayo ni zangu peke yangu. Debe limekuwa kutu tupu, halina kitako.

Ningeweza kukimbia, na miguu ilitaka, niamini. Lakini aibu ilizidi woga. Mtoto ana kiu, na aliyemwaga maji ni mimi. Nikajitwika ndoo, nikaanza kupanda mlima.

Wanawake niliopishana nao walishikana mikono kwa kicheko. "Baba Neema, leo mama watoto kakufukuza?" Nikapita. Nilimjua Asumini mmoja tu, naye ni bibi kizee, jirani yetu, kanizidi umri kwa mbali. Nikaenda kwake hivyo hivyo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo umeokota ndoo?"

Nikamweleza yote, hata la kumwaga sikulificha. Akauliza jambo moja tu.

"Alikuwa anacheka?"

"Sana, bibi. Ananitania kama tunajuana."

"Huyo ni mama."

Mama yake alishuka kuchota maji yeye akiwa mdogo, asipande tena. Watu wakasema ni mamba. Bibi Asumini akachukua kikombe, akachota katika ndoo yangu, akanywa polepole mpaka mwisho. Akachota kingine.

Tangu siku hiyo utosi wangu, pale ndoo ilipokaa, una baridi. Jua la saa saba halipapashi moto. Mke wangu akiweka kiganja hapo anakiondoa upesi. Lile jina la Bwana Misumari halitaji tena. Mashine nimeitundika ukutani, lakini bondeni bado nashuka, na ndoo yangu, na bibi bado anakunywa.

Na wewe unayesoma, nakuomba: ukikutana na mwanamke mtoni akakwambia umtwike, mtwike. Usichungulie alichobeba. Huko anakokwenda kuna mtu anamngoja, na huenda anamngoja tangu wewe hujazaliwa.