Kanda Niliyoisafisha

Mtu asiyetujua akitusikia tukibishana angedhani tunagombea shamba. Tulikuwa watu watatu, kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri, kwenye baraza ya duka la vitambaa hapa Tabora mjini, na tulichokuwa tunagombea ni mwimbaji aliyekufa zamani. Mzee mmoja, mstaafu wa reli, alishikilia kwamba hajazaliwa mwingine mwenye sauti kama ile. Mimi nilishikilia kwamba sauti yenyewe ilikuwa ya puani, na kwamba aliyembeba ni mpiga gitaa la solo aliyesimama nyuma yake. Mwenye duka, Mhindi ambaye baba yake aliuza santuri katika duka hilo hilo, alikuwa mwamuzi wetu, na kama waamuzi wengi alikuwa na timu yake. Timu yake ilikuwa mimi.

Ubishi huo ulidumu miaka ishirini na miwili. Nililetwa Tabora kwa barua ya uhamisho, mwalimu kijana, nikidhani nitakaa mwaka mmoja au miwili kisha nitafute njia ya kuondoka. Kilichonifanya nisiombe kuondoka si shule, wala si hali ya hewa, maana joto la hapa mwezi wa tisa halimbembelezi mtu abaki. Ni ile baraza. Nilikuwa nafika, namwamkia mzee shikamoo kwa adabu zote, ananiitikia marahaba, na kabla sijakaa nimeshamwambia kwamba jana nimemsikia tena yule mwimbaji wake na nimemwonea huruma. Alikuwa anaupenda uchokozi huo. Alinijibu kwamba walimu wamezoea kusikia watoto wakikariri, kwa hiyo masikio yao yameshakufa. Wasanii wa siku hizi tuliwakataa kwa kauli moja, mpaka siku tuliyogundua kwamba mwenye duka anawasikiliza kwenye gari lake na anajua maneno yote.

Tulikuwa pia wakusanyaji, na hapo ndipo ugonjwa wetu ulipokuwa mkubwa zaidi. Tulitafuta kanda za kaseti ambazo hazikuwahi kuuzwa: watu walizorekodi wenyewe ukumbini, au redioni, wakati bendi za dansi zilipokuwa zikipita hapa kuelekea Kigoma. Niliwahi kupanda treni hadi Kigwa kwa sababu ya kanda moja niliyoambiwa iko chini ya kitanda cha mjane. Nilipofika nikakuta ni mahubiri. Nikayasikiliza yote, upande wa kwanza na wa pili, huenda kwaya ikaimba.

Zamani kidogo tuliwahi kuumbuka. Mwenye duka alimrushia mtu wimbo adimu kwenye simu, nakala ambayo katikati ya solo jogoo alikuwa anawika. Wimbo ukasambaa. Baada ya wiki chache wenzetu wa Dar es Salaam wakawa wanatucheka kwamba bendi za Tabora zilikuwa na mpiga tarumbeta mwenye manyoya. Mimi sina uvumilivu wa kuchekwa. Nikatunga sheria, nao wakaikubali: kila kanda itakayopita mikononi mwetu itasafishwa. Jogoo atolewe, kikohozi kitolewe, mtangazaji anayedakia mwisho wa wimbo atolewe, walevi watolewe. Na kanda ikishasafishwa, nakala chafu ifutwe, isibaki popote, ili isije ikatoroka na kutuaibisha tena. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na kompyuta, kazi ya kusafisha ikawa yangu. Nilijivunia kazi hiyo kuliko ualimu.

Kanda moja tu haikunifikia. Mzee alikuwa nayo nyumbani kwake Itetemia. Iliyorekodiwa humo ni bendi ya vijana wa hapa hapa Tabora, nyimbo tano, na anayeimba ni yule yule mwimbaji tuliyekuwa tunamgombea, kabla hajahamia pwani na kuwa mtu mkubwa. Bendi ile haikuwahi kuingia studio. Kwa kadiri tulivyojua, hakuna mahali pengine duniani ambapo sauti yake ya ujana ilikuwa imehifadhiwa. Usiku ule wa dansi, mzee alikuwa amesimama mbele karibu na jukwaa, na aliyekuwa ameipakata redio kaseti kwenye kiti cha pembeni, akibonyeza na kuachia, ni mke wake.

Na mke wake aliongea. Alicheka, alimwita mtu aliyepita, alilalamika kuhusu viatu. Katika wimbo wa tatu aliongea juu ya ubeti mzima. Mzee alikuwa anatuchezea kanda hiyo nyumbani kwake, na kila alipofika mahali pa mke wake alibonyeza ipite haraka, akisonya, akisema huyu mwanamke ameharibu historia ya nchi. Mama mwenyewe alikuwa akituletea michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga, anasikia yote, na anamjibu kwamba wanaotaka kimya wahamie makaburini. Tulicheka sana. Nilimwomba mzee aniazime kanda hiyo kila mwaka kwa miaka yote hiyo, na kila mwaka alinijibu kwamba haitoki Itetemia.

Mama alikufa mwaka juzi, kwa presha, ndani ya wiki mbili. Hawakujaliwa mtoto. Wapwa walikuja, wakakaa siku za matanga, wakarudi makwao. Mzee hakuonekana barazani miezi mitatu, na sisi wawili tukawa tunakaa bila la kusema, maana kumbe tulikuwa tunabishana kwa sababu yake.

Halafu Jumamosi moja akaja. Alikuwa amekonda, shati limekuwa pana. Hakukaa. Akatoa mfukoni leso, akaifungua, kanda ikawa mle. Akasema imeanza kuchoka, naye anaogopa hata kuijaribu. Tangu msiba hakuwa ameicheza.

"Mwalimu, iweke mahali ambapo haitakufa," akaniambia.

Nikaipokea kwa mikono miwili. Nasema ukweli sasa kwa sababu hakuna faida ya kuuficha: sikumfikiria mama hata kidogo. Niliona nyimbo tano. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeokota.

Ilikuwa likizo ya Juni. Niliiingiza kanda yote kwenye kompyuta, upande mzima, mara moja, na ilikwenda vizuri. Nilipokuwa nairudisha mwanzo, redio ikaila. Wanaozijua kaseti wanaujua ule mlio. Nilipofungua nikaikuta imejiviringisha kwenye vyuma, imekunjamana mita nyingi, na nilipoivuta ikakatika mahali pawili. Nilistuka, lakini si sana. Nilijisemea kwamba bahati nzuri nimeshaipata.

Kisha nikaanza kuisafisha. Sijawahi kufanya kazi yoyote kwa uangalifu kama ule. Mahali pa mama palikuwa saba. Kati ya wimbo na wimbo palikuwa rahisi, nilikata tu. Ule ubeti wa wimbo wa tatu ndio ulionitoa jasho, kwa sababu sauti yake ilikuwa juu ya sauti ya mwimbaji. Nikatafuta mahali pengine ambapo ubeti huo huo unarudiwa, nikaunakili, nikaupachika, nikalainisha viungo mpaka hata mimi mwenyewe sikuweza kujua nimeshonea wapi. Mahali pa mwisho ni baada ya wimbo wa tano. Muziki umeisha, watu wanapiga makofi, na mama anaongea peke yake karibu kabisa na redio, sekunde kumi na moja, ndipo anabonyeza kuzima. Nikaziondoa. Makofi nikayaacha yafifie polepole.

Nilipomaliza nikampigia simu mwenye duka awe shahidi, nikafuta nakala chafu kama sheria yangu inavyotaka. Nilifuta pia kwenye pipa la taka la kompyuta. Nilikuwa mtu makini.

Jumamosi iliyofuata tuliisikiliza barazani. Mwenye duka alileta spika kubwa na kahawa, akafunga duka mapema. Mzee alivaa koti. Wimbo wa kwanza ulipoanza mwenye duka akafumba macho, na kweli ilikuwa sauti safi, magitaa yote matatu yanasikika kila moja mahali pake. Hata mimi, ambaye sikuwahi kumpa yule mwimbaji nafasi, niliona aibu kidogo. Nilijiandaa kumwambia mzee kwamba nimeshindwa, kwamba miaka yote alikuwa sahihi. Hiyo ndiyo zawadi niliyokuwa nimemwekea.

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. Kila wimbo ulipoisha alikiinua kidogo, akasubiri, wimbo mwingine ukaanza, akainama tena. Katika wimbo wa tatu aliweka kikombe chini na kusogeza sikio karibu na spika. Nilidhani anamsikiliza mpiga solo.

Makofi ya mwisho yakafifia. Mwenye duka akanipongeza, akasema sasa Dar es Salaam watanyamaza. Mzee akaniangalia.

"Mbona mama simsikii?"

"Nimemtoa, mzee," nikasema. "Nimekusafishia."

Nilikuwa bado natabasamu nilipoyasema hayo. Sura yake haikubadilika, na hilo ndilo lililonifanya nielewe. Akauliza iko wapi ile ya mwanzo. Nikamtolea kaseti yake mfukoni, nikamweleza kuhusu redio na vyuma. Akauliza kama katika kompyuta hakuna iliyobaki. Mwenye duka akaanza kusema jambo, akaacha. Nikamwambia hakuna.

Mzee akaifunga kaseti kwenye leso, akatuaga vizuri, akaenda kupanda bodaboda.

Nilitegemea atanigombeza, na ningeshukuru. Alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, akakaa mahali pake. Nikamchokoza kuhusu sauti ya puani. Akasema huenda nina haki. Nikasema mpiga solo ndiye aliyembeba. Akakubali kwamba mpiga solo alikuwa mzuri. Mwenye duka alijifanya anakunja vitambaa. Sikujua kwamba mtu anaweza kukuadhibu kwa kukubaliana nawe, na sidhani hata kama alikusudia kuniadhibu. Hakuwa na cha kubishania tena.

Nilimwomba tena kaseti ile, nikaipeleka kwa mafundi wawili hapa mjini. Waliunganisha vipande kwa gundi ya karatasi. Palipokunjamana panatoa mkwaruzo, na palipo pazima ni nyimbo tu, mama hasikiki.

Mwezi wa tisa akanipigia simu niende Itetemia. Nilimkuta amekaa nje, mbele ya mlango, na kiti cha pili kimeshawekwa. Nikamwamkia, akaitikia. Hakuna aliyeleta kitu cha kula. Alianza kwa kuniambia kwamba hanilaumu, kwamba hata yeye, mke wake alipokuwa hai, alikuwa anapapitisha haraka kila anapoongea. Sehemu nyingine anazikumbuka, kile kicheko, na yale ya viatu. Lakini mwisho wa kanda hakuwahi kupasikiliza. Muziki ukiisha alikuwa anazima.

"Wewe ndiye mtu wa mwisho kumsikia," akasema. "Nataka uniambie alisema nini pale mwisho."

Zile sekunde kumi na moja nilizisikiliza labda mara thelathini. Ninajua zilianzia wapi, ninajua makofi yalikuwa na nguvu kiasi gani chini yake, ninajua alivuta pumzi katikati, maana nilijaribu kwanza kukata kwenye ile pumzi. Nilikuwa nasikiliza mahali pa kuingiza kisu. Maneno hayakuniingia hata moja. Mimi ambaye ninaweza kukuimbia solo nzima ya wimbo niliousikia utotoni, nilikaa mbele ya mzee yule nikipekua kichwa changu chote na sikukuta kitu.

Ningemwambia hivyo. Ilikuwa haki yake niseme hivyo. Lakini alikuwa amesogeza kiti, ameinamisha kichwa kama alivyokiinamisha kwenye spika, na mimi nikaogopa kumnyima mara ya pili.

"Alisema amefurahi sana leo," nikamwambia. "Alisema, 'Mume wangu, twende nyumbani, nimechoka.'"

Hakuinua kichwa haraka.

"Mume wangu," akarudia.

"Ndiyo, mzee."

"Hayo ni maneno ya kwenye tamthilia, mwalimu. Hatukuwa na mtoto, kwa hiyo hakuwa na baba nani wa kuniita. Alikuwa ananiita wewe. Miaka yote, wewe, wewe tu."

Niliomba radhi, sijui kwa lipi kati ya yote. Akasema hakuna neno, akasimama, akatafuta fimbo yake.

Katika nyumba ile nilikuwa nimezoea kuingia na kutoka bila kuaga, na mara nyingine nilijichotea maji mwenyewe. Siku hiyo mzee alinisindikiza. Alitembea nami hadi barabarani, polepole, kama anavyosindikizwa mtu aliyekuja kwa mara ya kwanza, akanishukuru kwa kuja, akanipa mkono.