Picha ya Papa Bauma Iliyotikisika

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilipochekesha watu kumi na mmoja kwa neno moja tu, na neno lile likanikalia tumboni kama muhogo mubichi. Sikuwa mutoto. Nilikuwa msichana wa kuolewa, kichwa kimejaa kiburi. Nakuambia kwa sababu nimesikia wewe na wenzako wa kundi lenu la picha munavyochambuana mu telefone. Kuangalia munajua, sikatai. Lakini kusema munajua? Keti kidogo.

Miaka ile ya sitini, huku Kashuga ya Masisi, tulikuwa vijana kumi na wawili na apareyi moja ya kupiga picha. Ilikuwa kisanduku cheusi ambacho mwalimu Stefano aliachiwa na bwana mmoja aliyerudi kwao. Filimu moja ilitoa picha kumi na mbili, basi kila mmoja wetu alibonyeza mara moja, akamupa mwenzake. Ukikohoa wakati wa kubonyeza, zamu yako imekwenda na kikohozi. Filimu ikijaa, dereva wa lori aliipeleka Goma, na sisi tukangoja wiki nne, tano, tukipalilia maharagwe huku roho iko Goma.

Picha zikirudi, tulikaa kwenye majani nyuma ya kanisa kisha misa. Kila picha ilipita mkono kwa mkono, kila mmoja akataja kosa aliloliona, na mwenye picha alinyamaza mpaka wa mwisho aseme. Njo ilikuwa sheria yetu.

Na picha nzuri ilikuwa nini? Hapo njo tulikuwa wajinga, mwanangu. Picha tulizokuwa tumezoea ni zile za kitambulisho cha baba zetu: muntu amekazana, macho mbele, midomo imefungwa kama mfuko wa mbegu. Tukadhani kila picha lazima iwe hivyo. Tuliwasimamisha wazazi wetu ukutani, tukawapigia kelele: "Usipumue, Mama! Usicheke!" Mimi nilikuwa fundi wa kusimamisha. Watu kwenye picha zangu walinyooka kama miti ya kuzungushia lupango, na wenzangu walisema, "Eh, Veronika, hii njo picha!" Nikavimba. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Furaha alikuwa rafiki yangu tangu tulipoanza kuchota maji pamoja. Zamu yake alimupiga picha baba yake, Papa Bauma, asubuhi aliyoondoka kwenda Mpofi, kule Walikale, kubadilisha maharagwe na mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Sasa Papa Bauma hakuwa muntu wa kusimama. Alikuwa anacheka na mwili wote: kichwa nyuma, mkono juu ya tumbo, mguu mmoja hewani. Picha ilipokuja, kofia ilikuwa imekatwa nusu, uso umetikisika, mkono mmoja umekuwa miwili.

Alikuwa ameaga kwamba anakwenda siku kumi tu. Picha ilirudi kutoka Goma, yeye hakurudi. Miaka ile kulikuwa na fujo, njia za Walikale zilifungwa na kufunguliwa kama mlango wa mbuzi, na muntu aliweza kupotea hivi hivi. Nilijua yote hayo. Sitakudanganya kwamba sikujua.

Zamu yangu ya kusema ikafika. Nikaishika picha na vidole viwili, kama panya wa kufa.

"Furaha, dada yangu, hapa ulipiga baba ao ulipiga moshi wenye nusu ya kofia?"

Wakacheka mpaka mwalimu akafuta machozi. Furaha alinyamaza, kwa sababu sheria ilimutaka anyamaze. Wa mwisho alipomaliza, alichukua picha yake, akaifunga ndani ya kitenge, akaenda. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile nilisikia kitu kimevunjika.

Kisha siku tatu, mama yake akafika kwetu. Koko wangu, mama ya mama yangu, alikuwa anachambua maharagwe.

"Musafiri, yule muuza chumvi, anashuka Mpofi kesho," mama ya Furaha akasema. "Anakubali kuuliza habari za bwana yangu njiani, lakini yeye hamujui sura. Namuambia Furaha atoe picha, anakatalia. Anasema haiko baba, iko moshi. Anasema watatucheka mpaka Mpofi."

Mikono ya Koko ikasimama juu ya ungo. "Moshi? Nani alisema moshi?"

Mimi nikaangalia vidole vya miguu yangu.

"Ah," Koko akasema. "Leta na picha yako moja. Twende."

Alinikamata mkono, na ukubwa wangu ule, tukapita mbele za watu. Alipofika akamuomba Furaha polepole, mpaka akaitoa chini ya mukeka. Koko hakuwa anaona vizuri. Aliisogeza mlangoni penye mwangaza, akaileta karibu na pua, halafu akaanza kucheka peke yake.

"Bauma! Angalia huyu, amecheka mpaka kofia imetoka inje ya karatasi!"

Mama ya Furaha akalia palepale. Koko akanigeukia, akachukua picha yangu, ile nzuri, ile iliyosifiwa.

"Na huyu nani?"

"Iko Papa, Koko."

"Uongo. Hii iko shati yake. Baba yako mwenyewe ulimuacha wapi?"

Nikanyoosha mkono anirudishie picha yangu. Koko akaificha nyuma ya mgongo.

"Wewe uliona kosa, muntu haukumuona," akasema. "Muombe mwenzako musamaha. Halafu uipeleke ile picha yake kwa Musafiri na miguu yako, umuonyeshe namna Bauma anacheka."

Nikaenda. Mbele ya mifuko ya chumvi, na watu wanaangalia, nikatupa kichwa nyuma, nikashika tumbo, nikainua mguu. Musafiri akasema, "Inatosha, dada. Sasa namujua."

Tukangoja. Furaha alikubali musamaha wangu kwa mdomo, lakini hakutembea tena nami. Nililima naye shamba la mama yake bila kuulizwa, na kila jembe nilisema moyoni: kama Papa Bauma hatarudi, njo mimi niliyesababisha sura yake ifichwe.

Siku ya soko, juma la tatu, tukasikia kelele bondeni. Musafiri alikuwa mbele. Nyuma yake wanaume wanne wamebeba kipoyi cha miti mabegani, na juu ya kipoyi Papa Bauma, mguu umefungwa na vijiti. Alikuwa ameteleza kwenye gogo la kuvukia maji karibu na kijiji cha Ntoto, akavunjika mguu, wakulima wakamuweka kwao ndani kabisa, mbali na njia, na hakuna aliyekuwa anapanda Masisi kuleta habari. Mama mumoja pale Ntoto njo aliiona picha, akapiga makofi: "Huyu? Huyu njo anatumaliza na kicheko kwetu, na mguu wake wa kuvunjika!"

Mimi nilikaa chini katikati ya matope. Pumzi niliyokuwa nimeifunga majuma yale yote ikatoka mara moja, nikalia na kucheka pamoja kama mwenda wazimu. Mkono ukanivuta. Alikuwa Furaha.

"Simama, Veronika, unaharibu kitenge," akasema. Na alikuwa anacheka.

Jumapili iliyofuata tulibadilisha sheria. Ukipokea picha ya mwenzako, utaje kwanza nani ao nini umeona ndani, na moyo wako umesikia nini. Kisha njo useme kosa, na useme na namna ya kulitengeneza.

Basi, mwanangu, sikia. Sisemi musifiane uongo. Sifa ya uongo inaoza kama viazi vya mvua. Kofia ya Papa Bauma ilikatwa kweli, na Furaha alijifunza kurudi hatua mbili nyuma. Kosa liseme, lakini ulizia kwanza picha ile inamubeba nani. Lisemee karibu, na mwenyewe, usilitafutie watu wa kucheka. Na kama umekwisha kuumiza, usingoje samahani yako ipendeze. Nenda na miguu yako.

Mungu akubariki jicho na ulimi, mwanangu. Akukalishe kati ya wenzako wanaokuambia kweli na bado wanakungoja njiani. Na kila muntu utakayemupiga picha akienda safari, Mungu amurudishe kwao muzima.