Sinema Nilizompelekea Mama Mdogo Edani

Wenzangu mliokulia Kiponda, Malindi na Mkunazini siku za Sultani mtanielewa nikisema kwamba kaskazi haikuletwa na upepo. Ililetwa na gari la kusukuma. Shule zikishafungwa tu, gari lile lilianza kupita vichochoroni na ubao wake mkubwa, pande zote mbili zimebandikwa picha za wanawake wenye macho kama mayai ya bata na wanaume wenye masharubu yaliyochongwa. Rangi za picha zile zilikuwa kali hata ukuta wa chokaa ulionekana mchafu gari likipita. Mbele alitangulia mtu mwenye kengele, akinadi jina la sinema kwa Kihindi ambacho nina hakika hakukijua, na nyuma tulifuata sisi, miguu peku, mpaka mama zetu waanze kutuita madirishani.

Ushauri wa sinema ipi ya kutazama likizo hatukuupata gazetini. Tuliupata kwa Bi Kulthum, jirani yetu wa mlango wa pili, aliyekuwa akikaanga visheti nyumbani kwake na kuuza. Bi Kulthum alipima sinema kwa kanga. Akisema, "Hiyo ya pembe ya kanga," maana yake machozi ni kidogo, bakini nyumbani mkachague mchele. Akisema, "Ya kanga nzima," mama aliharakisha chakula cha mchana. Na mara moja moja alikuja na macho mekundu, akakaa kitako ukumbini, akasema taratibu, "Hii, wanangu, chukueni shuka."

Onyesho la wanawake lilikuwa Jumatano, baada ya sala ya alasiri. Mabuibui yalitoka kila mlango, kichochoro kikajaa weusi na manukato ya udi, na sisi watoto tumeshikwa mikono kwa nguvu kama tutaibiwa. Ndani ya jengo mabuibui yalishushwa mabegani, na ghafla palikuwa na asumini, dhahabu, bajia za moto na watoto wachanga wanaolia. Halafu taa zikazimwa. Nimezunguka sana tangu siku hizo. Nimeishi Mombasa, nimefanya kazi Maskati, nimeingia majumba ya sinema yenye viti vya mahameli na baridi ya mashine. Lakini kile kilichonipata mara ya kwanza, ule mwanga uliopita juu ya vichwa vyetu umejaa vumbi linalocheza, kisha uso wa mwanamke mkubwa kuliko nyumba yetu ukafumbua macho na kunitazama mimi, hakijanirudia popote. Nilikamata goti la mama nikasahau kupumua. Bi Kulthum, ambaye Kihindi chake kiliishia kwenye bei ya binzari, alitufasiria sote kwa sauti: "Huyo ndiye mbaya wao, mtazameni nyusi. Huyo mama mkwe, maskini, hajui kitu. Wee, usile hiyo tambuu, imetiwa sumu!"

Kaskazi ninayotaka kuihadithia nilikuwa na miaka kumi. Mdogo wake mama, mama mdogo Zuwena, alikuwa amehamia mjini kutoka Bwejuu na mumewe, fundi cherehani mpole, wakapanga chumba cha juu katika nyumba yetu. Mama mdogo alikuwa hajawahi kuona sinema. Gari lilipopita alifungua ubao mmoja wa dirisha akachungulia, na mumewe akamcheka. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia, "Kabla likizo haijaisha utakwenda na dada yako. Ukirudi unihadithie, lakini pole pole, usiruke kitu." Haukupita mwezi homa ikamchukua yule bwana kwa siku nne, akazikwa Mwanakwerekwe, na mama mdogo akakaa eda: miezi minne na siku kumi, hatoki nje, hajitii wanja wala hina. Mikononi alivuliwa bangili zake. Akanyamaza. Chakula kilipanda ngazi kikateremka vile vile. Mama aliacha kulala vizuri. Siku moja nilimkuta akiutazama ule uji uliorudi, akasema peke yake, "Ataniponyoka huyu."

Jumatano iliyofuata, tuliporudi sinema, mama alinishika bega chini ya ngazi. "Panda, ukamhadithie."

"Kwani yumo edani, mama, inafaa?"

"Eda imemfunga miguu, haikumziba masikio. Panda."

Nilipanda. Nilikaa juu ya mkeka, nikaanza hadithi ya kijana aliyenyang'anywa shamba na ami yake, nikaharibu, nikarudia. Mama mdogo aliutazama ukuta. Nilipofika mahali bibi harusi anapoingia, nilisikia sauti ambayo sikuisikia kwa wiki nyingi.

"Sari yake rangi gani?"

Sinema zenyewe hazikuwa na rangi, mnakumbuka. Zilikuwa nyeupe, nyeusi na kijivu cha majivu. Rangi zilikuwa kwenye ubao wa gari tu, na mama mdogo alilijua gari, sinema hakuijua. Nilimtazama uso wake, umenigeukia kwa mara ya kwanza. Nikasema, "Damu ya mzee, mama mdogo. Ina zari ya dhahabu, upana wa viganja viwili."

Alivuta pumzi. "Na mlango?"

"Kijani. Kama embe changa."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwongo, na sijui kama nimewahi kufanya kazi nyingine kwa bidii namna ile. Kila Jumatano nilitazama sinema mara mbili kwa wakati mmoja, moja ukutani na moja ya kumpelekea. Nilipaka farasi rangi, nikapaka mapazia, nikaipa bahari ya Wahindi samawati ya Bwejuu kwa sababu sikujua nyingine. Mama mdogo alianza kula huku akisikiliza, bila ya kujijua, tonge baada ya tonge, na mama akisimama ngazini kimya na sinia la pili mkononi.

Ikafika sinema ya shuka. Bi Kulthum alikuwa ameionya mitaa mitatu. Mwanamke mmoja analetewa habari kwamba mumewe amekufa katika ajali ya gari moshi. Anavunja bangili zake ukutani, anavaa nguo nyeupe, anakaa. Hapo ukumbi mzima ulilia, na mimi nilianza kutoka jasho, maana nilikuwa nikiwaza ngazi za kwetu. Halafu, mwisho kabisa, wimbo ukasikika nje ya dirisha, mwanamke akasimama, na mlangoni akatokea yule mume, ndevu mpaka kifuani, hai. Wanawake walipiga vigelegele hadi mwenye tochi akakimbia kuja kutazama. Mimi sikupiga. Nitampelekaje mama mdogo mume anayerudi?

Nilimhadithia yote mpaka kwenye nguo nyeupe. Kisha nikasema, "Hapo ukanda ukakatika." Ilikuwa si ajabu, kanda zilikatika kila wiki, watu wakapiga miguu chini mpaka fundi azigandishe. "Wakashindwa kuugandisha. Tukarudi."

Siku ile chakula kiliteremka kizima, na kesho yake vile vile. Siku ya tatu Bi Kulthum alipanda na visheti kumtazama, nami niko pale. Mama mdogo akamwuliza, "Bi Kulthum, yule mwanamke wa nguo nyeupe, ukanda ulipokatika, alikuwa amekaa tu?"

"Ukanda upi uliokatika?" Bi Kulthum akaweka sahani chini. "Mume si karudi? Karudi na madevu yake kama mbuzi wa kafara! Nimelia mpaka nikaloweza kanga ya Bi Rukia niliyekaa naye, yangu ilishajaa." Kisha akaona uso wangu, akajua amevunja kitu, akaaga kwa kumkumbuka mtu anayemngoja.

Tulibaki wawili. Nilitazama ukingo wa mkeka.

"Kwa nini ulinificha?"

"Niliogopa utalia."

"Mimi nnalia kila siku, mwanangu. Siku moja nimlilie mwenzangu kwa furaha yake, pana ubaya gani?" Akanisogezea visheti. "Haya. Pole pole, na usiruke kitu. Huo wimbo uliosikika nje, dirisha lilikuwa la rangi gani?"

Nilimhadithia. Alilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba, mama akaja mbio akidhani pameharibika. Akamkuta mdogo wake analia, anakula visheti, na mkono mwingine umeshika mkono wangu.

Kuanzia siku hiyo nilihesabu siku za eda kwa hofu. Kila mtu ndani ya nyumba alizisubiri ziishe, isipokuwa mimi, maana nilijua atakapokwenda sinema atayaona majivu. Masika yalikuwa yanamalizika alipooga, akapakwa hina, akavishwa bangili, na Jumatano ya kwanza akavaa buibui akakaa katikati yetu, mimi kushoto kwake. Taa zilizimwa. Mwanga ukapita juu. Uso ukatokea, mkubwa kuliko nyumba.

Mama mdogo alikaa muda mrefu, mdomo wazi, mkono kifuani. Kisha akainama sikioni kwangu.

"Rangi ziko wapi?"

Machozi yalikuwa yameshanifika kidevuni. Akanitazama katika ule mwanga wa kijivu, akatazama tena mbele, na nadhani hapo ndipo alipoijua kazi yote niliyoifanya, Jumatano kwa Jumatano. Akanivuta karibu.

"Basi nambie," akasema. "Hilo joho lake, n'rangi gani?"

"Zambarau," nikasema.

"Na farasi?"

Nikampa farasi, nikampa kilemba, nikampa bustani nzima. Mwanamke wa mbele yetu aligeuka, nikadhani atatugombeza. Akasema, "Sema kidogo kwa nguvu, mtoto, na sisi tusikie."

Baadaye mama mdogo aliolewa tena, akarudi Bwejuu. Runinga ya rangi ilipoletwa Unguja, niliporudi safarini nilimkuta amekaa mbele yake na kijiji kizima, ameshangaa kama siku ile. Kweli ni maajabu, hata mimi nilishangaa. Sasa kanda za video zimejaa madukani, na watoto wa ndugu zangu hutazama tatu kwa siku moja ya likizo. Juzi nilimwuliza mmoja wao, kijana mwerevu wa sekondari, anishauri ipi ya kutazama.

"Hii, shangazi. Kali hii."

"Inahusu nini?"

"Wewe itazame tu."

Nikaitazama. Ilikuwa nzuri, wala siidharau: bahari yake ya buluu, moto wake mwekundu, damu yake kama damu. Watoto sita walikaa pamoja nami kwenye busati, bega kwa bega, macho mbele. Rangi zilikuwamo zote, zimeshapakwa, na tangu mwanzo mpaka mwisho hakuna aliyemgeukia mwenziwe kumwuliza kitu.