Viti vya Jirani

Mwanamke aliyekuja kumhoji mama alikuta makochi, televisheni na chai ya maziwa. Makochi na televisheni vilikuwa vya jirani. Maziwa niliyalipia mimi kutoka Kitale, ninakouza mbegu dukani, nikampigia mama simu: "Azima viti, usituaibishe."

Kwetu Kabuchai mgeni wa serikali hakalishwi kwenye mkeka, na mimi sikufikiri zaidi ya hapo. Figo za mama zilikuwa zimeharibika, damu yake ilitakiwa kusafishwa kwa mashine kila wiki, na serikali ilikuwa imeahidi kuwalipia bima wasiojiweza. Yule mwanamke ndiye aliyekuwa akijaza kwenye simu yake nani anajiweza na nani hajiwezi. Alipouliza kama viti ni vyake, mama alisema ndiyo. Angesema nini, na jirani mwenyewe amesimama pale mlangoni?

Jibu likaja kwamba ombi limekataliwa, familia inajiweza. Nikaenda Bungoma mjini kukata rufaa, hasira zimenijaa, kana kwamba kosa lilikuwa la mtu mwingine. Afisa alinigeuzia kompyuta nijionee.

"Madam, si hii ni nyumba yenu? Ati makochi, tivii, maziwa."

"Tuliazima."

"Mliazima ya nini sasa?"

"Ndio mgeni akae."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Tutatuma mtu mwingine. Lakini muache nyumba vile iko, tafadhali."

Sikuiacha ilivyo. Woga ulinishika, nikahamisha hata vilivyokuwa vya mama: chupa ya chai, vitambaa alivyofuma kwa mkono wake, na kiti cha mbao alichotengeneza marehemu baba. Siku hizo mama alikuwa analala kwenye kiti hicho, maana akilala chali pumzi zinambana.

"Hata hicho?" aliniuliza.

"Hata hicho, mama. Wakikiona watatukataa tena."

Mhoji wa pili, mwanamke wa makamo, alimkuta mama mkekani, miguu imevimba. Mama alijaribu kuinuka amsalimie, akashindwa.

"Unisamehe," alisema. "Leo sina mahali pa kukukalisha."

Mhoji alichuchumaa, akauliza maswali yake polepole. Alipofika kwenye chakula, mama alinitazama kwanza.

"Mara moja kwa siku."

Nilidhani amejifunza kudanganya vizuri. Usiku nilifungua debe la unga nikaona kitako chake. Alikuwa amesema kweli, na miezi yote ile kwenye simu alikuwa akiniambia ameshiba.

Rufaa ikakubaliwa. Nilimsomea ujumbe kwa furaha.

"Kwa hivyo wameandika ati mimi ni maskini?"

"Ndiyo, mama."

"Na jina langu wameweka?"

"Wameweka."

Kiti nilikuwa nimekirudisha jioni ileile ya mahojiano, lakini tangu hapo mtu akibisha hodi aliniambia niseme amelala. Mama yangu, ambaye hakuna aliyepita kwake bila kunywa chai. Mashine ilimwongezea miezi minne, nami nashukuru, ila miezi hiyo aliiishi akijificha, na aliyemfundisha kujificha ni mimi.

Siku ya mazishi jirani alileta makochi yake bila kuombwa. Aliyapanga pale pale yalipokuwa siku ile ya kwanza, na wageni wakakaa.