Kitambaa Juu ya Kompyuta

Fundi mmoja wa Kariobangi ndiye aliyeniambia kwanza kwamba kompyuta ya gemu hupumua. Mume wangu aliichagulia kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini, kwa miezi mitatu, lakini kila akicheza nyumbani ilipata joto ikazima. Sasa alikuwa ameileta dukani kwa fundi ili kadi hiyo ibadilishwe na ndogo. Nilisimama nyuma yake, mtoto mgongoni.

Fundi aliiwasha kompyuta pale kaunta, ikacheza vizuri tu. Akaweka kiganja juu ya matundu ya hewa.

"Buda, kadi iko sawa. Kwani nyumbani mnaifunika?"

Mume wangu akatazama dari.

"Kuna kitambaa," nikasema polepole. "Nilikifuma mwenyewe. Kina maua."

"Mathe! Hata wewe ukipika chapati umejifunika blanketi, si utazima?"

Njiani nilimuuliza mume wangu kama alijua.

"Nilijua. Lakini ulikifuma wiki mbili."

Kumbe kuna mwanamume anayeweza kuiacha kadi aipendayo, ila hawezi kukwambia utoe kitambaa. Asubuhi iliyofuata nilikitoa, nikakifua, nikakitandika juu ya boksi tupu la kadi, ambalo hataki litupwe.