Nusu ya Pili ya Kipindi

Mama mwenye hoteli pale Kanja ndiye aliyebeba betri ya gari hadi Embu ikachajiwe, ili televisheni ya jirani yake mwenye duka isizime Jumapili hiyo. Kipindi cha kufufua hoteli zinazokufa kilikuwa kimerekodiwa kwake, naye alikuwa ametangaza kanisani. Tulijaa dukani hadi mlangoni. Yeye alikaa mbele, kitambaa kipya kichwani.

Bwana mtaalamu kutoka Nairobi akatokea kwenye televisheni, akafunua sufuria, akaonja githeri ya mama, akaitema kwenye karatasi.

"Uuui! Hata kumeza ameshindwa!" mtu akasema nyuma yangu.

Mama akageuka. "Si mngoje kwanza! Hapo mbele wananifunza kupika upya, wanapaka rangi, wanakula wanamaliza."

Picha ikaanza kujikunja pembeni, ikawa nukta nyeupe, ikapotea. Mwenye duka alikuwa amefungulia redio kwa betri hiyo tangu asubuhi. Watu wakatoka bila kumtazama mama usoni.

Juzi nilipita hotelini kwake. Kuta zinang'aa, meza ni mpya, na mteja nilikuwa mimi peke yangu. Githeri ilikuwa tamu.

"Wewe si unaandika kwa gazeti?" akaniuliza, akipangusa meza ambayo haikuwa chafu. "Si uwaandikie ile nusu ingine?"

Nimeiandika, mama. Lakini huko Kanja gazeti hufika likiwa limefungia nyama, na nyama yenyewe watu wanaipeleka ikapikwe hoteli ya ng'ambo ya barabara.